Mama Nambari Tatu

Ashtabula Bandarini, Ohio
Jumapili, 19 Mei 1963

Kwa mdogo wangu Veikko,

Pokea salamu zangu, ingawa leo nakupa kwa shingo upande. U hali gani huko London? Kifua chako je? Nasikia huko ukungu hauishi, nawe tangu utoto ukipigwa na baridi kidogo tu unakohoa wiki nzima. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya kuunganisha watu simu inaendelea, mgongo unauma kama kawaida, na paa la chumba cha kuogea mvuke limeanza kuvuja upande wa ziwani. Hilo la paa si la kukusumbua wewe, maana ni lini uliwahi kusumbuliwa na paa la nyumba hii. Habari za Mama usiniulize kwanza. Ndizo zilizonikalisha chini kuandika, na nikizianza kwa pupa nitairarua karatasi.

Anwani ya hoteli yako nimepewa na Bwana Weck, yule anayekuuzia picha. Nalisema hili ili ujue kwamba mimi, dada yako wa tumbo moja, nimeambiwa na mtu baki kuwa ndugu yangu amevuka bahari. Ungepungukiwa na nini kutuma hata kadi ya posta? Lakini haya. Nakujua, hapa umeshaanza kuruka mistari. Usiruke. Kaa, agiza kahawa, soma mpaka chini, kwa sababu huko mwishoni kuna jambo linalokuhusu wewe na kazi yako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Mambo yalianza na Lempi Niskala, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ambaye mdomo wake unaujua mwenyewe. Alikuwa saluni, kichwa kimo ndani ya mashine ya kukausha nywele, akifunua gazeti moja la picha la huko New York. Akafika hapa wakati wa kahawa, gazeti kalificha ndani ya koti, uso kauvaa wa matanga. Mama akamwuliza nani kafa. Lempi akasema hakuna aliyekufa, ila, "Shoga yangu Hilja, nimeona bora ulione kwangu mimi ninayekupenda kuliko kwa wale wanaokucheka." Kisha akalikunjua juu ya meza, juu ya sahani ya mkate.

Ukurasa mzima, Veikko, tena wa rangi. Mama yetu mzazi, uso wa waridi kama soseji, kichwani rola za nywele za kijani kibichi zimepangwa kama mabomba ya gati, nyuma yake manjano tupu ya kuumiza macho. Pembeni wamempiga picha bwana mmoja amesimama karibu na mchoro ili watu wajue ukubwa wake, na bwana yule anafika shavuni mwa Mama. Chini pameandikwa: "Mama Nambari 3, kazi ya Vic Kant." Jina la Baba, Kantola, umelikata mkia kama samaki wa kukaanga, hilo tulishalimeza zamani. Lakini Mama umpe nambari?

Nilimtazama Mama. Alikuwa akimmiminia Lempi kahawa, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, kisosi kikajaa, kitambaa cha meza kikalowa, na Lempi akapiga ukelele. Mama akaweka birika chini, akauliza neno moja tu: "Nambari tatu? Wa kwanza na wa pili ni akina nani?" Lempi alipaliwa na mkate hata nikampiga mgongoni. Na alipopata pumzi, jambo la kwanza alilosema ni kwamba rola zile ni zake, yeye ndiye aliyemfunga Mama siku ile ya kupigwa picha, na kama kuna haki duniani jina lake nalo lingeandikwa.

Kuanzia hapo hatukupata raha. Mwenye bucha alimwuliza Mama mbele ya foleni, "Nikupimie nini leo, Mama Nambari Tatu?" Akadhani anatania. Mama akamwambia ampimie ulimi wake mwenyewe, halafu akatoka bila nyama. Kanisani kwaya nzima ilikuwa inamtazama nywele. Mchungaji naye, kwa nia njema, akamshika mkono mlangoni akasema sanaa ni kipaji kitokacho juu. Mama akamjibu kwamba na mvua ya mawe hutoka juu. Lililomchoma zaidi ni la gatini, alikofanya kazi Baba. Wale wazee waliobeba jeneza la Baba waliukata ukurasa ule wakaubandika kantini, katikati ya kalenda za wasichana wanaotangaza matairi. Sijui nani alimwambia. Nadhani ni Lempi, kwa upendo wake uleule.

Hakulia. Unajua hasira za Mama hupimwa kwa ndoo. Alisugua sakafu, akasugua ngazi, akasugua mpaka ubao wa ndani ya kabati ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Mimi nikitoka kazini nimechoka hoi naambiwa nivue viatu nje. Kisha Jumatatu moja akasimama katikati ya jiko, mikono inachuruzika maji, akaniambia, "Aune, omba ruhusa kazini. Tunakwenda New York kuniteremsha." Nikauliza kuteremsha nini. Akasema, "Mimi. Ukutani."

Nilimweleza kwa upole kwamba picha ni mali ya aliyeichora, kwamba wewe si mtoto tena, kwamba gazeti limekwisha kusomwa na watu watasahau. Akasema sura ni yake, alizaliwa nayo kabla yako, na hakumbuki kukuazima. Wewe ungemjibu nini? Hukuwepo kujibu. Hupo kamwe. Mimi ndiye ninayebaki hapa kupokea majibu yako yote.

Basi tukapanda basi. Mama kavaa ile kofia nyeusi aliyomzikia Baba, na mapajani kapakata mkate wa iliki alioupika alfajiri, pamoja na samaki wa moshi aliyefungwa kwenye gazeti. Harufu ya yule samaki ilituhamishia watu wote viti vya mbele. Nikamwuliza, kama tunakwenda kugombana, mkate na samaki ni wa nani. Akanitazama kama mtu asiye na akili, akasema, "Ugomvi ni ugomvi, na njaa ni njaa."

Duka la Bwana Weck unalijua, sina haja ya kukueleza. Lakini niache niseme: nilipoingia nilidhani tumekosea mlango. Kipande cha keki cha plasta, kikubwa kama hodhi la kuogea, kimelala sakafuni. Ukutani pasi ya umeme peke yake, haina nguo, haina mkono wa mtu, imechorwa upana wa kitanda. Na watu wazima wamesimama mbele ya pasi ile, vichwa wameviinamisha upande mmoja, wananong'ona kama wako msibani. Mimi nilidhani ule wakati wenu, ninyi wachoraji, wa kumwaga rangi sakafuni ndio ulikuwa mwisho wa wazimu. Siku zile Lempi akicheka, Mama alikuwa akikutetea kwamba rangi iliyomwagika angalau haimwaibishi mtu.

Naye alikuwapo, ukuta wa mwisho. Lazima nikiri kwamba pale ana kwa ana yuko tofauti na gazetini. Anatisha. Macho yale makubwa yakanitazama hata nikajikuta nanyoosha sketi.

Bwana Weck akatujia, mwembamba, miwani mizito, mikono laini isiyowahi kushika beleshi. Akauliza kwa adabu atusaidie nini. Mama akasema, "Nimekuja kuchukua sura yangu." Yule bwana akatabasamu kwa kutoelewa. Mama akavua kofia, akampa aishike kama mtundiko, akaenda kusimama ubavuni mwa mchoro, akageuza uso upande uleule. Nakwambia duka zima liligeuka kumtazama. Halafu mwanamke mmoja wa vidani vya mbao akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mama akawauliza wanampigia makofi ya nini, kwani ameimba? Wakazidi.

Bwana Weck, masikini, alifurahi mpaka akawa mwekundu. Alisema ni heshima kubwa, akasema wewe uko London na wachoraji wenzio, na hapo ndipo tulipojua. Mama aliketi ghafla kwenye benchi. Alikuwa amejiandaa njia nzima kukukuta wewe, maneno kayapanga, na sasa mbele yake kuna mgeni aliyeshika kofia. Hata hivyo hakukubali kushindwa. Akaagiza picha iteremshwe. Bwana Weck akasema haiwezekani, imekwisha kununuliwa na Bwana na Bibi Halloran wa Chicago, watu wa viwanda vya magodoro, na kesho yake inafungwa kusafirishwa. Akamtuliza: asijione amedhalilishwa, kwa maana mchoro ule si wa mtu fulani, ni wa zama zetu. Mama akamwambia, "Basi nenda ukazifunge rola hizo zama zenu. Huyu ana baka langu shavuni."

Baadaye watu wakapungua. Mama akabaki pale kwenye benchi, miguu ameipanga pamoja, anajitazama. Nilikaa karibu naye nikingoja anipe ndoo na brashi. Lakini alipozungumza sauti ilikuwa nyingine. Alisema pua ni yake, haipingi. Masikio yako sawa. Hata rola, kwa kweli, zimechorwa vizuri. "Ila mdomo," akasema. "Mdomo gani huu? Siku ile nilikuwa nacheka."

Ndugu yangu, hapa ndipo ulipoanza kuniudhi mimi mwenyewe, si kwa niaba ya mtu. Picha ile uliyoiiga niliipiga mimi kwa kamera yangu mpya, nikakutumia ili umwone mama yako, si ili umtundike. Na katika picha ile Mama amefunua meno yote, na pengo lake juu. Wewe ukachukua kila kitu, rola, kola, baka la shavuni, ukaacha kicheko. Mahali pake ukapiga mstari mmoja mwekundu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Huo ni mdomo wa mtu anayesema usirudi.

Labda hujui ilikuwa siku gani. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka uliofuata baada ya kifo cha Baba. Ulikuja mazikoni ukaondoka na basi la jioni ileile, hamkusemezana na Mama zaidi ya kupeana mikono, na mwaka mzima ukapita kimya. Kisha siku ile simu ikalia, Lempi ndiyo kwanza amemaliza kufunga rola ya mwisho, na ulikuwa wewe, ukimwuliza Mama kwa nini mkate wako wa iliki umekuwa kama tofali. Basi. Hukuuliza kingine. Akakueleza habari ya hamira na maziwa vuguvugu, akakata simu, akarudi jikoni huku anacheka, anajifuta machozi kwa aproni, anasema, "Tofali! Anasema tofali!" Hakuwa amecheka tangu tumzike Baba. Nikanyakua kamera. Hicho ndicho kicheko ulichokifuta.

Kwa kuwa basi la kurudi lilikuwa la kesho yake, Bwana Weck akatupa ufunguo wako wa akiba tulale kwako. Tulifika jua lingali juu. Veikko, mtu mwenye umri wa miaka thelathini na nne anakaa katika kiwanda cha kofia kilichokufa, bila pazia, na friji yenye kitunguu kimoja na brashi tatu. Mama alisimama mlangoni akavuta pumzi, akaanza kukunja mikono ya gauni. Nilimsihi asiguse kitu. Nilimwambia, kwa watu hawa hujui takataka ni ipi na kazi ni ipi. Akasema yeye anajua takataka akiiona. Kwa hiyo ule mfuko wa vifuniko vya chupa, yale maboksi matupu ya sabuni, na yule mwanasesere asiye na kichwa, vyote vimekwenda kwa gari la jiji, na kama vilikuwa vya maana usinitafute mimi. Yale makopo ya pichi uliyoyapanga dirishani kwa mstari, tumeyala. Sikujua kama yalikuwa yanachorwa. Mama alisema chakula kilichoachwa juani ni dhambi. Yalikuwa matamu.

Ni katika kufagia nyuma ya lile kabati la chuma ndipo alipozikuta. Picha mbili kubwa, zimegeuziwa ukuta. Akaniita nimsaidie kuzigeuza. Nyuma ya moja umeandika nambari moja, nyuma ya nyingine nambari mbili.

Tulizisogeza dirishani. Katika ya kwanza ni yeye huyohuyo, rola hizohizo, lakini pale penye mdomo umepaka na kukwangua, ukapaka na kukwangua, mpaka turubai limetoboka. Unaweza kupitisha kidole. Mama alipitisha kidole. Katika ya pili uso wote umekamilika, hadi kope, na pale penye mdomo hapana kitu, turubai jeupe tupu. Umechora kwa penseli mistari midogo midogo ya meno, ukaifuta, ukachora tena, ukaifuta. Alama zake zinaonekana.

Mama alikaa kitako sakafuni, mbele ya zile picha, na kofia yake kichwani, mtu asiyekaa chini hata kwenye nyasi. Akasema taratibu, "Kumbe alijaribu." Halafu akasema, "Aune, mtoto huyu hajui nikicheka nakuwaje." Alifikiri kidogo, akaongeza kwamba si kosa lako, kwa sababu miaka yote uliyokuwa nyumbani na penseli yako chini ya meza yeye alikuwa anafua, anapika, anamngoja Baba atoke gatini, na akigeuka kwako ni kukuuliza utakula hizo karatasi? Na siku ulipofunga mzigo ndiye aliyekwambia usirudi mpaka uwe na kazi ya mtu mzima. "Nilidhani atarudi Krismasi," akasema. "Nani alimwambia atii? Hajawahi kutii jambo lolote." Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sasa ninafika pale nilipokuambia usiruke.

Asubuhi yake akataka turudi dukani akajiage kabla hajapelekwa Chicago. Nikasema sawa, nikafurahi hata. Nikadhani hasira zimeisha. Tulifika kabla ya wateja. Mafundi wa kufunga walikuwa nje wanashusha mbao. Mama akaniomba nikamwulize Bwana Weck kama anayo glasi ya maji, koo limemkauka, na mkoba wangu nimwachie anishikie. Nikamwachia. Nilirudi na maji, Bwana Weck ananifuata nyuma, nikamkuta Mama amesimama karibu mno na mchoro, anafunga mkoba wangu. Ule mdomo unajua uko chini, usawa wa kifua chake, hakuhitaji hata kigoda.

Alikuwa amechukua rangi yangu ya mdomo, ile nyekundu niliyonunua Cleveland, yeye ambaye miaka yote huniambia ni rangi ya wasiokwenda kanisani, akaongeza pembe mbili. Basi, hakufanya zaidi. Huku kipande cha urefu wa kidole kimepanda juu, na huku kipande kimepanda juu. Mstari wako wa rula umebaki vilevile katikati. Lakini uso mzima, Veikko! Macho yaleyale yaliyonitisha jana yake sasa yalikuwa ya mtu aliyekatisha kazi kwa sababu kasikia jambo la kuchekesha chumba cha pili.

Niliona jela. Niliona jina letu gazetini mara ya pili. Bwana Weck akasimama, akatazama, miwani akaipandisha. Nikangoja. Akashusha pumzi ndefu akasema kila siku anagundua kitu kipya katika kazi hii, na atasikitika kuachana nayo. Hakuona! Mtu anayeishi kwa macho yake hakuona! Punde wakaingia Bwana na Bibi Halloran wenyewe kuja kushuhudia mzigo wao ukifungwa. Bibi Halloran akaitazama kwa muda, akamshika mumewe mkono, akasema ajabu, mwanzoni alidhani huyu mama amekasirika, kumbe anakaribia kucheka. Na kwamba sasa anaipenda kwa moyo, mwanzo aliipenda kwa sababu marafiki zake wanapenda vitu vya namna hii. Mama akamwambia, "Ahsante, mwanangu." Bibi yule hakujua anashukuriwa kwa nini.

Na mimi nikawa mshirika, kwa sababu rangi ya mdomo haikauki. Mafundi walipokuja na karatasi ilibidi niwakimbilie nikawaambia mchoraji ameagiza mdomo usiguswe na kitu, waache nafasi. Nimetumia jina lako. Waliacha nafasi. Iko Chicago hivi sasa, na pembe zake mbili. Ukitaka kumwandikia Bibi Halloran ukweli, mwandikie. Ukitaka kwenda kuifuta, nenda ukaifute mbele yake. Ukinikasirikia mimi, nitakuwa nimekasirikiwa kwa haki mara moja katika maisha. Ila nakuomba, kabla hujafanya lolote, uitazame kwanza.

Hayo ni ya picha. La Mama mwenyewe ni hili: hakurudi nami. Nilikwisha kukata tiketi mbili, tuko kwako tunafunga mzigo, akaniambia niende zangu, nina kazi, yeye anabaki. Nikamwuliza anabaki na nani, kufanya nini, katika mji asioujua hata duka la maziwa. Akasema anakungoja. Amevuta kiti akakiweka penye dirisha kubwa, akauliza kama hapo ndipo kwenye mwanga mzuri; mimi nitajuaje? Anasema utakaporudi atakaa mbele yako, umchore kwa macho na si kwa picha ya kamera, asubuhi na mchana, mpaka uupate ule mdomo. Nikamwambia, je, kama Veikko hataki? Akasema, "Aniambie mwenyewe nikiwa nimekaa. Nina maneno yangu pia ya kumwambia, na baadhi yake ni ya kuomba radhi, kwa hiyo usinisimamie hapa, basi litakuacha."

Bwana Weck ananiambia unarudi mwezi ujao. Basi jiandae. Kitanda chako amekichukua Mama. Wewe utalala kwenye benchi. Friji imejaa. Mwenye duka la mboga wa chini ameshamzoea, na nasikia Mama anamfundisha kukoroga kahawa. Usimwambie kwamba mchoro ni wa zama zetu. Usimpe nambari nyingine. Na ukimwona anachokoza makusudi, ujue ana haya, hajui pa kuanzia, kama wewe tu; mmefanana hivyo, nami nimeishi katikati yenu kama mlango unaosukumwa pande zote mbili.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina ombi moja, nalo liwe siri yetu. Tangu nirudi niko peke yangu katika nyumba hii, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Siku mbili za kwanza nilizunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Leo nimelala mpaka saa tatu. Nimekunywa kahawa kitandani, na viatu nimeviacha sebuleni, na hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo, mdogo wangu, usinielewe vibaya, nampenda Mama na nakupenda wewe. Lakini picha hiyo usiifanyie haraka. Ichore polepole. Mdomo ukikataa, kwangua uanze upya.

Lempi anakusalimu, anadai rola zake. Mchungaji anakusalimu pia. Vaa kitu shingoni, na Mungu akurejeshe salama.

Ni mimi dada yako,
Aune Kantola